Kupasuliwa ili kupunguza midomo ya uke: mama ajue nini mbele ya kukubali

Mwaka 2005, waganga wa hospitali moja ya wanawake jijini London walifanya kazi ambayo karibu hakuna aliyewahi kuifanya kwa uangalifu. Walichukua kipimo wakapima midomo ya uke ya wanawake 50, wenye umri wa miaka 18 hadi 50, waliofika pale kutibiwa mambo mengine kabisa. Walitaka kujua ile inayoitwa "ya kawaida" ni ipi. Mwanamke mmoja alikuwa na midomo midogo ya ndani yenye upana wa milimita 7, usiofika hata ukucha wa kidole. Mwingine alikuwa na milimita 50, karibu upana wa vidole vitatu vikiwa pamoja. Na wote walikuwa wazima. Mwaka 2018 wenzao wa Uswisi walipima wanawake zaidi ya 600, nao wakarudi na jibu lile lile: tofauti kati ya mwanamke na mwanamke ni kubwa mno, hakuna mahali pa kupiga mstari na kusema hapa ndipo ukawaida unapoishia.

Tumeanza na hesabu hizo kwa sababu upasuaji tunaouzungumzia leo unauzwa kwa neno hilo hilo, "kawaida". Ni upasuaji wa kupunguza midomo midogo ya uke, ambayo wengine wanaiita mashavu ya ndani. Katika nchi za Ulaya, Marekani na hasa Brazil umekuwa biashara kubwa. Kwetu mashariki mwa Congo si jambo linalosemwa mezani, lakini picha zake zinafika kwenye simu kama kila kitu kingine, na dada zetu wanaoishi Brussels, Paris au Montréal wanaulizwa habari zake na wenzao kazini. Habari hii ni kwa watu wazima, na tutaita vitu kwa majina yake.

Sasa tuangalie karibu na nyumbani. Kwa majirani zetu wa Rwanda kuna desturi ya gukuna: wanawake huivuta midomo hiyo ili irefuke. Kwa Waganda wa Uganda ni ssenga, yaani shangazi, ndiye anayefundisha mambo hayo. Desturi ya namna hii inajulikana pia Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, na wachunguzi wa mila waliiandika kwa Waluba wa Katanga. Huko, mwenye midomo mifupi ndiye aliyekuwa akisikia haya mbele ya wenzake. London na São Paulo, mwenye midomo mirefu ndiye anayelipa akatwe. Mwili ni ule ule. Ukivuka mpaka, hukumu inageuka.

Jambo hili lina uzito kwa Wakongomani walio ugenini. Mwanamke aliyekuzwa katika desturi ya kuvuta anaweza kufika kwa munganga wa Ulaya ambaye hajawahi kuona, na munganga akamwambia kwamba ana kasoro, au akadhani amekeketwa. Zamani Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka kuvuta midomo katika aina ya nne ya ukeketaji. Maelezo yaliyorekebishwa na kutangazwa mwaka 2008 hayakuitaja tena katika mifano ya aina hiyo, ingawa mjadala juu yake haukuisha. Mama unayeishi huko una haki ya kumweleza munganga desturi ilikuwa gani, na kumwambia wazi kama unaumwa au huumwi.

Maumivu yanatoka wapi?

Hatusemi kwamba kila anayetaka kupasuliwa amedanganywa na picha. Kuna wanawake ambao midomo yao inabanwa na suruali, inajikunja wakati wa kulala na bwana ikaingia ndani na kuuma, au inachubuka kwa kuendesha baiskeli na kufanya michezo. Wengine upande mmoja ulichanika wakati wa kuzaa ukapona vibaya. Kwa watu hao upasuaji unaweza kuwa nafuu ya kweli, na hakuna sababu ya kuwacheka.

Lakini mbele ya kufikiria kisu, lazima kujua maumivu yanatoka wapi. Mwasho na kuchomachoma mara nyingi ni fangasi, au ngozi iliyokataa sabuni ya manukato, au vipele vya kunyoa. Yote hayo yana dawa. Kuna ugonjwa wa ngozi unaofanya sehemu hiyo iwe nyeupe, nyembamba na yenye mwasho mkali usiku. Huo unataka dawa ya kupaka na kufuatiliwa kwa miaka. Kukata hakuuponyi. Uvimbe wenye maumivu upande mmoja wa mlango wa uke unaweza kuwa jipu la tezi iliyo pale, ambalo linatibiwa kivingine kabisa.

Kuna jingine ambalo kwetu ni la kuangaliwa zaidi. Mama aliyezaa mara nyingi, anayebeba mizigo mizito mgongoni kila siku kutoka bandarini au shambani, anaweza kuhisi kitu kinashuka na kutokeza chini, akafikiri ni midomo iliyorefuka. Kumbe ni kizazi kilichoshuka, au kibofu cha mkojo kimesukuma ukuta wa uke. Dalili zake ni uzito unaozidi jioni, mkojo unaotoka ukikohoa, na uvimbe unaopungua ukilala. Hilo si jambo la urembo. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa na Dr Denis Mukwege mwaka 1999, na HEAL Africa hapa Goma zinajulikana kwa kutibu akina mama wa namna hiyo pamoja na wenye fistula. Kazi yao ni kurudisha kilichoharibika, na tusiichanganye na kazi ya kukata kilicho kizima.

Kama hakuna ugonjwa, na shida ni kubanwa tu, kuna mambo madogo ya kujaribu kwanza kwa miezi kadhaa: nguo ya ndani ya pamba isiyobana, kuoga sehemu hiyo kwa maji matupu, kupaka vazelini kidogo mbele ya safari ndefu ya pikipiki, kuacha kunyoa nywele zote kwa sababu nywele ndizo zinazopunguza msuguano. Kuna wanaopona hapo bila kufika hospitali.

Nyama yenye kazi

Matangazo mengi yanazungumza juu ya "nyama iliyozidi". Si kweli kwamba haina kazi. Midomo midogo inafunika tundu la mkojo na mlango wa uke, inashika unyevu, na imejaa mishipa ya damu na ya fahamu. Mwanamke anapopata hamu inajaa damu na kusikia kwake kunaongezeka. Upande mmoja kuwa mkubwa kuliko mwingine ni jambo la kila siku. Rangi yake inaiva kuwa nyeusi zaidi na umri na mimba, kisha mwanamke akikoma hedhi midomo yenyewe inasinyaa kidogo. Kwa hiyo anayetaka kukatwa kwa sababu ya rangi tu, anapigana na kitu ambacho karibu kila mwanamke mzima anacho. (Na tuseme mara moja: mafuta ya kujichubua yasifike kule. Ngozi ya pale ni laini, inaungua upesi.)

Upasuaji wenyewe si mrefu. Mara nyingi unachukua muda wa saa moja hivi, kwa sindano ya ganzi au kwa kulazwa usingizi, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kukata ukingo wote wa mdomo na kushona, kama fundi anayepunguza pindo la kitenge. Ukingo wa asili unaondoka na kovu linakaa pembeni kabisa. Ya pili ni kutoa kipande cha katikati chenye umbo la kabari, kama unavyotoa kipande cha papai, kisha kuunganisha pande mbili. Ukingo unabaki, lakini mshono unavutwa zaidi na wakati mwingine unaachia. Mgonjwa aulize ni njia gani itatumika na kwa nini ile. Munganga asiyeweza kuijibu kwa maneno rahisi, tungemwogopa.

Uzi unaotumika kwa kawaida unayeyuka wenyewe. Siku za kwanza ni za kuvimba na maumivu. Mkojo unachoma, na wengi wanamwaga maji safi polepole wakati wa kukojoa ili kupunguza ukali. Barafu iliyofungwa katika kitambaa inasaidia. Kulala na bwana kunangoja kama wiki 6, na mizigo, michezo, pikipiki na baiskeli vinangoja pia kwa wiki kadhaa. Uvimbe wa mwisho unaweza kuchukua miezi kuisha, kwa hiyo anayejitazama kwenye kioo wiki ya pili na kulia amejihukumu mapema.

Hapo kwenye wiki 6 ndipo tunapoona shida kwa familia zetu. Ni nani atachota maji? Nani atabeba mtoto mgongoni, nani atakwenda sokoni? Na bwana amekubali kungoja, au amekubali kwa mdomo tu? Kidonda ambacho hakijafunga kikifunguliwa kwa kulala pamoja mapema kinatoa damu, na ni mlango wazi wa virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine. Mwanamke ambaye hana hakika ya kupewa wiki hizo 6 nyumbani kwake, hata kama pesa zipo, wakati wake bado.

Madhara yanayoweza kutokea yanajulikana: damu kutoka sana au kujikusanya ndani ya kidonda, usaha, mshono kuachia, pande mbili kutolingana, kovu linalouma, ganzi ya kudumu au kinyume chake, sehemu kuuma ikiguswa hata na nguo. Baya kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kukatwa kupita kiasi. Mdomo ulioachwa mrefu kidogo unaweza kupunguzwa baadaye. Ulioondolewa wote haurudi, na kutengeneza upya ni kazi ngumu isiyotoa kile cha mwanzo.

Je, wanaopasuliwa wanaridhika? Uchunguzi mwingi unasema ndiyo, wengi wao. Lakini mara nyingi walioandika ni waganga wale wale waliopasua na kulipwa, na waliwafuata wagonjwa kwa muda mfupi. Ndiyo sababu chama cha waganga wa uzazi wa Marekani kilionya mwaka 2007 kwamba usalama na faida za upasuaji wa namna hii havijathibitishwa, na mwaka 2020 kikarudia kwamba mwanamke lazima aambiwe wazi kuwa ushahidi mzuri ni mchache na madhara yapo. Mtu akikuahidi kwamba utapata raha zaidi kitandani kwa kukatwa, anauza kitu ambacho hana.

Mambo ya laser ni mengine tena. Kuna vituo vinavyotangaza mashine za "kurudisha uke kuwa kama wa msichana". Mnamo Julai 2018, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa onyo juu ya mashine hizo zinapotumika kwa kazi hiyo: ilipokea habari za watu walioungua, waliobaki na makovu na maumivu ya muda mrefu. Usikubali tangazo likuchanganyie mambo hayo mawili katika bei moja.

Nani ameomba?

Australia, kuanzia Julai 2023, mtu mzima anayetaka upasuaji wa urembo lazima apate barua ya munganga wa kawaida, aonane na mpasuaji zaidi ya mara moja, achunguzwe kama hana ile shida ya akili inayomfanya mtu auchukie mwili wake bila sababu, kisha angoje siku 7 au zaidi baada ya kutia sahihi. Uingereza, hospitali za serikali hazifanyi kazi hii kwa ajili ya sura, na waganga wa huko wanashauri isifanywe kwa aliye chini ya miaka 18, kwa sababu mwili bado unakua. Anayelipa mwenyewe huko, idara yao ya afya iliwahi kuandika kwamba gharama ni kati ya pauni 1.000 na 3.000, bila kuhesabu kuonana na munganga.

Kwetu hakuna atakayekungojesha siku hizo 7. Ujingojeshe mwenyewe, na hata mwezi si mrefu. Katika muda huo jiulize neno lilitoka wapi mara ya kwanza. Kama lilitoka katika maumivu yako, endelea kutafuta munganga. Kama lilitoka kwa bwana siku ya ugomvi, au kwa mpenzi aliyejifunza miili ya wanawake kwenye video, basi kuna mtu mwingine wa kuzungumza naye mbele ya mpasuaji. Picha hizo nyingi zimechaguliwa na kusafishwa, hakuna aliyewapima wanawake wale kama walivyopimwa wale 50 wa London.

Na kisu cha nyumbani kisifikiriwe hata kidogo. Wembe, mama anayejua, muuguzi anayefanya kazi usiku chumbani kwake: mahali pale damu inatoka nyingi na maambukizi yanapanda haraka. Zaidi ya hatari ya mwili, sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, ile iliyorekebisha kodi ya adhabu ya Congo juu ya ubakaji na jeuri nyingine za kijinsia, inaadhibu kwa kifungo cha miaka 2 hadi 5 tendo la kuharibu viungo vya uzazi vya mtu. Kama aliyekatwa akifa, adhabu ni kifungo cha maisha.

Anayefuata njia ya haki, mara nyingi atavuka mpaka. Tuseme mama wa Bukavu ameamua kwenda Kampala au Nairobi, kama wengi wanavyofanya kwa matibabu mengine. Anapasuliwa Jumatatu, Jumatano anapanda basi la usiku. Saa nyingi za kukaa juu ya mshono mbichi, barabara yenye mashimo, mpaka ambao hujui kama leo utafunguliwa saa ngapi, kisha boti ya ziwani. Kukaa bila kunyoosha miguu kwa muda huo kunaweza pia kugandisha damu mguuni. Akifika nyumbani ameanza homa, na munganga wa mtaa hajui alichofanyiwa. Kosa hapa si Kampala wala Nairobi, ni hesabu ya safari. Nauli ihesabiwe pamoja na siku za kulala kule, mpaka yule aliyepasua aangalie kidonda tena na kukuruhusu.

Kuna maswali ya kumwuliza mpasuaji uso kwa uso, si kwa ujumbe wa WhatsApp. Amesomea upasuaji gani, na ameufanya huu mara ngapi? Nani anatoa dawa ya usingizi, na kama kitu kikienda vibaya saa nane za usiku, nani anapokea simu? Ikilazimu kurekebisha, nani analipa? Omba aonyeshe kwa kuchora kiasi gani kitaondolewa na kiasi gani kitabaki. Mweleze kila dawa unayokunywa, hata aspirini na dawa za majani, kwa sababu kuna zinazofanya damu isigande. Mweleze kama una sukari, kama unavuta sigara, kama una mimba au unafikiri kupata. Kama bado unataka kuzaa, wengine wanashauri kungoja; lakini aliyekwisha kupasuliwa kwa kawaida anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida, ilimradi amwambie mkunga mapema.

Halafu picha. Wapasuaji wengi wanapiga picha za kabla na baada, na hilo lina maana kwa kazi yao. Lakini karatasi unayotia sahihi inaweza kuwa na mstari unaowaruhusu kuzitumia katika matangazo. Isome yote, na kama imeandikwa kwa lugha usiyoielewa vizuri, omba mtu unayemwamini akusomee mbele ya kushika kalamu. Unaweza kukataa picha zisitoke nje ya faili lako na bado ukatibiwa.

Ukisharudi nyumbani, kuna dalili zisizongoja kesho: damu inayojaza pedi kwa muda mfupi, upande mmoja kuvimba na kuwa mgumu ukiongezeka kila saa, homa, usaha wenye harufu, au kushindwa kukojoa. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu, na ubebe karatasi inayosema ulifanyiwa nini, tarehe gani, na dawa gani ulipewa. Karatasi hiyo idai mbele ya kutoka kule ulikopasuliwa, iandikwe kwa Kifaransa kama inawezekana, na namba ya simu ya mpasuaji iwe juu yake.